Stima Iliyopanda Matatu

Usiku wa Jumapili, 1 Julai 1990, sebule yetu kule Mitunguu ilikuwa na watu wengi kuliko siku ya harusi. Viti vilikuwa vya wazee. Akina mama walikaa kwenye mkeka karibu na mlango, vijana walisimama nyuma, na sisi watoto tulibanana sakafuni mbele ya tivii ya inchi 14 isiyo na rangi. Nje ya dirisha kulikuwa na safu nyingine ya vichwa. Kameruni ilikuwa inacheza na Uingereza mjini Naples, robo fainali ya Kombe la Dunia, na hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Uingereza walitangulia. Kameruni wakasawazisha kwa penalti, dakika chache baadaye wakaongeza la pili, na nyumba ikalipuka kwa kelele. Mechi ikikaribia kuisha, Lineker akafunga penalti. Mbili kwa mbili, muda wa ziada. Hapo ndipo picha ilipoanza kunywea. Ukingo mweusi ulikula kioo kutoka pande zote, wachezaji wakawa wafupi, sauti ikaanza kukwaruza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Betri ilikuwa inaisha.

"Mwalimu," baba alimwambia jirani yetu, "leta gari hapa dirishani."

Mwalimu alikuwa na pikapu kuukuu ya Datsun. Aliileta mpaka pua yake ikakaribia ukuta, boneti ikafunguliwa, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zikapitishwa dirishani na kubanwa kwenye vichwa vya betri ya gari. Picha ikajaa tena. Tuliwahi kumwona Lineker akifunga penalti nyingine. Kameruni wakatoka, 3–2, na watu wakaenda zao kimya kama wanaotoka matangani. Asubuhi yake Datsun ilikataa kuwaka. Tuliisukuma mpaka mteremkoni, mwalimu akiwa amechelewa shule, na kwa miaka mingi tivii yetu ndiyo iliyolaumiwa.

Naanza na usiku huo kwa sababu historia ya stima nchini Kenya huandikwa kama historia ya nguzo. Nguzo zilifika wapi, mwaka gani, nyumba ngapi zikaunganishwa. Kabla ya nguzo, tunaambiwa, palikuwa na giza. Sasa, giza lilikuwepo, sikatai. Lakini ndani ya giza hilo watu walikuwa wamejijengea mtandao wao wa umeme, kwa pesa yao wenyewe, na mtandao huo ulisafiri kwa gari.

Mitunguu iko chini, upande wa joto, pale ambapo miteremko ya Imenti Kusini inaanza kuelekea Tharaka. Katika miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji uliosaidiwa na Wajerumani ulichukua maji ya mto Thingithu na kuyaleta mashambani kwa mabomba. Maji yalishuka yenyewe kwa nguvu ya mteremko, na ndiyo yaliyoifanya Mitunguu kuwa soko la ndizi linalojulikana mpaka Nairobi. Kwetu, maji yalishuka kwa bomba na stima ilishuka kwa matatu.

Ilikuwa hivi. Betri ikichoka, uliibeba kwa wilbaro mpaka steji. Jina la mwenyewe lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi. Kondakta aliipandisha juu ya keria, akaisimamisha wima na kuifunga kwa mpira, maana ikilala asidi itamwagika, na asidi ikimwagika juu ya gunia la mtu ni kesi. Ikapelekwa juu, Nkubu, ambako stima ilikuwepo. Fundi aliiweka kwenye foleni pamoja na nyingine, akafungua vifuniko, akaongeza maji ya betri, akaiunganisha na chaja usiku kucha. Ikarudi kesho yake au keshokutwa kwa njia ileile. Shati langu moja la shule lilikuwa na matundu madogo tumboni. Nililipata siku niliyotumwa kuipokea betri stejini nikaikumbatia.

Mtandao huo ulianzaje? Pesa ilitoka kwenye kahawa na chai, na kwenye mishahara ya walimu. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na mnamo 1976 na 1977 wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya walishika pesa ambazo hawakuwahi kuzishika. Nyumba za mabati zikajengwa, watoto wakalipiwa karo, na waliobaki na kitu wakanunua redio kubwa, kisha tivii. Utangazaji wa televisheni nchini ulikuwa umeanza mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi tivii ilikuwa kitu cha mjini, kwenye soketi ya ukutani. Kilichobadilisha mambo ni tivii ndogo zilizotengenezwa zikubali volti 12. Yule aliyekuwa na betri ya gari hakuhitaji tena kungoja serikali.

Wala hatukuwa wa kwanza duniani. Tangu mwaka 1912, Cadillac ilipoanza kuuzwa na mota ya umeme ya kuwashia injini, magari yalianza kubeba betri kubwa kila yaendako, na haikuchukua muda watu kugundua kwamba betri hiyo inaweza kufanya kazi nyingine. Mwaka 1935, nchini Marekani, karibu shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Wakulima wa huko waliendesha redio kwa betri za gari, na wengine wakasimamisha panga za kuzungushwa na upepo juu ya paa ili kuzichaji. Mkulima wa Kansas wa wakati huo angeingia sebuleni kwetu mwaka 1990, angeelewa kila kitu isipokuwa lugha.

Angeelewa pia hesabu yake, maana ni ileile. Tivii yetu ilikula kama wati 18, yaani ampea moja na nusu kwenye volti 12. Betri ya ampea 50 kwa saa ina kama wati 600 kwa saa ndani yake. Lakini betri ya gari haikutengenezwa ili inyonywe mpaka mwisho. Sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi, ziweze kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha zijazwe tena barabarani. Ukiimaliza kila wiki, sahani hushika ukoko mgumu, na betri inakufa kabla ya wakati. Ndiyo maana mafundi walirudia onyo lilelile: ukifika nusu, simama. Kwa nusu hiyo tulipata saa kama kumi na sita, wiki moja ya habari, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mwezi wa Kombe la Dunia hakuna aliyesimama kwenye nusu.

Hesabu hiyohiyo inaisafisha tivii na kesi ya Datsun. Nusu saa ya wati 18 haiwezi kuizima betri ya gari iliyo nzima. Nilipomuuliza mwalimu miaka mingi baadaye, alicheka. Usiku ule aliacha taa kubwa za mbele zikiwaka ili watu wa nje waone wanapokanyaga, na zilibaki hivyo mpaka wa mwisho alipofika kwake. Taa hizo mbili zinakula kama wati 100. Tulishitaki mtu asiye na hatia.

Sasa, kuna sehemu ya historia hii ambayo imeandikwa, na inatuhusu. Mwaka 1984, Karamugi, shule ya harambee katika iliyokuwa wilaya ya Meru, ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya dizeli. Mark Hankins, Mmarekani kijana aliyekuwa akifundisha pale kwa kujitolea, alikutana na mwenzake Harold Burris, mhandisi aliyekuwa ameanzisha kampuni ya Solar Shamba upande wa Embu. Burris aliishawishi shule iweke paneli za jua badala ya jenereta. Madarasa yakapata taa, mafundi wa hapa wakafunzwa kazi, na walimu walioona taa zile wakaanza kutaka za kwao nyumbani. Ukisoma habari za sola nchini Kenya, mara nyingi simulizi inaanzia hapo, na wanastahili sifa yao.

Lakini jiulize kwa nini mbegu ile ilishika haraka hivyo. Paneli peke yake haiwashi kitu usiku. Inahitaji betri ya volti 12, mtu anayejua kuitunza, nyaya zilizokwisha kupita ukutani, na kifaa kinachokubali volti hizo. Vyote hivyo vilikuwepo tayari. Mafundi waliochaji betri ndio walioelewa sola kabla ya wengine. Kwa mwenye tivii, paneli ndogo haikuwa muujiza. Ilikuwa nauli ya matatu ambayo hatalipa tena. Sola haikuleta umeme Meru na Embu. Iliukuta, ikaupandisha juu ya paa.

Nisiipambe sana hadithi. Betri ilikaa sebuleni, na sebule ilikuwa ya baba. Jikoni, hatua kumi kutoka kwenye tivii, mama alipika kwa mwanga wa koroboi, na moshi wa mafuta ya taa ulichora paa juu ya kichwa chake. Betri ilipokuwa dhaifu, kitu cha kwanza kuzimwa kilikuwa taa, si tivii. Arne Jacobson, mtafiti aliyechapisha kazi yake mwaka 2007 kuhusu sola katika vijiji vya Kenya, aliona jambo kama hilo: umeme huo ulinufaisha zaidi tabaka la kati la mashambani, na tivii ndiyo iliyopewa nafasi ya mbele. Waliosimama dirishani usiku ule walisimama hapo kwa sababu. Na betri zilizokufa zilivunjwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya risasi yake, asidi ikamwagwa ardhini, na hakuna aliyetuambia kwamba risasi ni sumu.

Hata hivyo, kutohesabiwa ni jambo lingine. Sensa huuliza nyumba inatumia nini hasa kupata mwanga. Kwa swali hilo, nyumba yenye tivii, redio na koroboi jikoni ni nyumba ya mafuta ya taa, basi. Sensa ya 2009 ilipoonyesha kwamba chini ya robo ya nyumba za Kenya zilitumia stima kwa mwanga, wengi walisoma kwamba waliobaki hawakuwa na umeme wowote. Watu waliokuwa wakibeba umeme kwa wilbaro hawakuwa na safu yao kwenye jedwali.

Kisha mambo yakaja kwa pamoja. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulizinduliwa, ukishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Mwaka huohuo matangazo ya analogi yalizimwa, na tivii kama yetu ikawa haioni kitu bila king'amuzi. Sensa ya 2019 ikakuta kama nusu ya nyumba nchini zina stima ya nguzo, na karibu moja kati ya tano zinapata mwanga kwa sola.

Na gari? Gari halijaondoka. Nenda soko la ndizi Mitunguu jioni, malori yakingoja mzigo wa kwenda Nairobi. Ndani ya kebini kuna inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa volti 240, simu zinachajiwa, redio inaongea. Madereva wazoefu wanajua sheria zake. Lori kubwa lina betri mbili zilizofuatana, volti 24. Ukijiunga na moja tu ili upate 12, moja inachoka huku nyingine ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Kwenye gari dogo, soketi ya kuwashia sigara ina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo inatosha kompyuta ya mkononi na taa, lakini pasi ya wati 1,000 ingedai ampea zaidi ya 80. Anayeijaribu anapoteza fyuzi, akiwa na bahati.

Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilizimika karibu nchi nzima. Nilikuwa nyumbani. Majirani wana nguzo, mita na tokeni, na wote walikaa gizani wakiangalia simu zinavyoisha. Nilileta Probox karibu na veranda, nikawasha injini, nikachomeka inveta. Baada ya muda zilikuwa simu sita, kisha kumi, nyaya zikiwa zimesukana kama mizizi ya ndizi. Mwalimu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuja na yake. Aliikabidhi, akasimama akiiangalia gari.

"Zima taa za mbele," akasema.