Mbeleko ya Garini: Safari za Mtoto Kutoka Misafara ya Ugogo Hadi Gari la Spoti



Hivi karibuni tulivuka bahari, tukapanda treni ya SGR pale Dar es Salaam, tukaenda Dodoma kumtembelea mdogo wetu. Ni bi harusi tuliyempamba wenyewe Unguja, tukamtia hina hadi kwenye viwiko. Mumewe ameajiriwa serikalini, na ofisi yake ilipohamia Dodoma naye alihama. Sasa wamejaaliwa mtoto wa kike, mashaallah, ana miezi sita. Katika mizigo yetu kulikuwa na viungo vya pilau, kanga doti mbili, na kiti cha mtoto cha kufunga garini ambacho shangazi yake alikituma kutoka Dubai.

Tulipofika uani tukaliona gari. Ni la spoti, la Kijapani, lina milango miwili na limelala chini utadhani linanusa vumbi. Kuifikia siti ya nyuma lazima siti ya mbele ikunjwe, nawe uingie kwa kuinama. Siti yenyewe imechimbwa mabakuli mawili membamba. Tulihangaika na kiti kile saa nzima juani. Bibi wa nyumba ya jirani alikuwa akitutazama kutoka barazani. Mwishowe akasema, "Wanangu, mtoto hupakatwa. Kiti cha nini tena?"

Maneno yale hatukuyadharau. Tulirudi nayo, tukayafikiria, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Bibi ana historia ndefu upande wake. Tunachotaka kuonyesha ni mahali ambapo historia hiyo iligeuka.

Mbeleko ilikuwa kiti cha kwanza

Kiswahili chetu kina maneno mengi kwa kazi hii moja. Mtoto huelekwa mgongoni, hupakatwa mapajani, hubebwa, hukumbatiwa. Na nguo ya kumwelekea ina jina lake, mbeleko. Heshima yake ni kubwa kiasi kwamba iliingia katika ndoa. Katika desturi za pwani, pamoja na mahari ambayo ni haki ya bi harusi mwenyewe, upande wa bwana harusi ulitoa mbeleko na mkaja kwa mama mzazi wa bibi. Mbeleko ilikuwa shukrani kwa mgongo uliombeba binti, na mkaja kwa tumbo lililomzaa. Mashoga zetu mnaojiandaa kuolewa, mkisikia wazee wanataja vitu hivi, msidhani ni tamaa ya vitambaa. Ni kumbukumbu ya kazi.

Sasa tazameni mbeleko inavyofanya. Inamfunga mtoto kwenye kitu kinachosafiri, yaani mwili wa mama. Haimwachi akiyumba. Mama akisimama ghafla, mtoto anasimama naye. Hilo tulishike, tutalirudia.

Ugogo kwa miguu

Kabla ya reli, Dodoma ya leo ilikuwa ndani ya Ugogo, nchi kavu ya uwanda wa kati ambayo misafara ya pembe za ndovu ililazimika kuipita ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Wote waliandika habari za ukame wa Marenga Mkali na hongo iliyolipwa kwa watemi wa Wagogo ili kupata njia na maji.

Vitabu vya wasafiri hao vimejaa wanaume. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walisafiri na wake zao. Wanawake hao walibeba vyungu, chakula na vitu vya kulalia, na wengine walikuwa na mtoto mgongoni juu ya hayo yote. Kilomita nne au tano kwa saa, siku baada ya siku, na mtoto amelala kwenye mgongo wa mama yake. Katika mwendo huo hakukuwa na kiti kilichoishinda mbeleko. Mama akijikwaa, mtoto alianguka kimo cha mama tu.

Reli yafika

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya wiki nyingi ikawa ya siku chache. Mtoto alishuka mgongoni akahamia mapajani, mama akiwa amekaa juu ya furushi lake katika behewa la daraja la tatu.

Treni ina ajali zake, na watu wa Dodoma hawajasahau ile ya Igandu ya Juni 2002 iliyoondoka na roho zaidi ya 200. Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini katika safari ya kawaida treni huanza taratibu na husimama taratibu, na njia yake ni yake peke yake. Hata SGR hii mpya, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024 na inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa, tuliipanda tukiwa tumeshika vikombe vya chai. Kupakata kuliendelea kutosha.

Gari ilipobadilisha hesabu

Gari ni jambo jingine. Linakwenda kasi kama treni ya zamani, lakini njia yake ina malori, bodaboda na ng'ombe, na linaweza kusimama ndani ya kufumba na kufumbua. Fanyeni hesabu nasi. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama magunia mawili ya kilo mia mia. Hakuna mama wa kuyazuia magunia hayo kwa mikono, hata awe na mapenzi ya namna gani. Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, mwili wake ndio unaomkandamiza mtoto.

Wazungu nao walichelewa kulielewa hili. Viti vya watoto vya miaka ya 1930 vilikuwa vya kumwinua mtoto aone dirishani na dereva amwone. Mkanda wa pingu tatu tunaoujua leo ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, tena kwa watu wazima. Mwaka 1962 Mwingereza Jean Ames na Mmarekani Leonard Rivkin, kila mmoja kwao, walibuni viti vya kumlinda mtoto hasa. Kisha nchini Uswidi Profesa Bertil Aldman alitazama viti vya wanaanga wa Gemini, vilivyoundwa ili mgongo mzima upokee msukumo. Akajiuliza kwa nini mtoto asikae hivyo hivyo, mgongo wake ukielekea mbele ya gari. Kiti chake cha mfano kilijaribiwa ndani ya Volvo mwaka 1964.

Hapo kuna jambo lililotuchekesha. Septemba 1963 Porsche walionyesha gari lao la 911 pale Frankfurt, lenye siti mbili ndogo za nyuma. Basi gari la spoti maarufu kuliko yote na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ni karibu mapacha kwa umri. Mmoja aliundwa kwa ajili ya kasi, mwingine kwa ajili ya siku kasi inapokatika. Tangu hapo mapacha hao hawajapatana vizuri, kama tulivyoona wenyewe uani.

Na maneno ya bibi jirani? Hata Marekani yaliwahi kuingia katika sheria. Jimbo la Tennessee, kwa juhudi za daktari wa watoto Robert Sanders, lilikuwa la kwanza kulazimisha viti vya watoto, kuanzia Januari 1978. Lakini wabunge waliweka mwanya: mtoto aliyepakatwa na mtu mzima aliruhusiwa. Ilichukua hadi 1981 mwanya huo kuzibwa, baada ya kueleweka kwamba mikono haikuwa ikiwaokoa. Kufikia 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria. Kwa ndugu zetu wa Dubai na Abu Dhabi, kiti kimekuwa lazima kwa watoto wa miaka minne kushuka chini tangu Julai 2017. Ndiyo maana shangazi alikituma bila kuulizwa.

Mwaka 1973

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara. Mkanda umekuja kuwa lazima kwa dereva na abiria wa mbele, lakini kiti cha mtoto hakikuwamo. Miongoni mwa waliosimama kudai sheria irekebishwe ni wanawake wenzetu, wanasheria wa TAWLA na wanahabari wa TAMWA.

Mji nao haukusubiri. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, zilikuja familia changa, mishahara, barabara pana za lami na magari yaliyotumika kutoka Japani. Kijana ananunua gari la spoti kabla ya kuoa, jambo ambalo hatumlaumu. Mtoto anakuja baadaye, na gari halikuulizwa.

Tukisema Mungu ndiye mlinzi, tunasema kweli. Lakini tukumbuke pia mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.) safarini. Wake zake walisafiri ndani ya haudaji, kibanda chenye pazia kinachofungwa imara juu ya ngamia. Na Anjasha alipowaimbia ngamia wakaanza kukimbia, Mtume alimwambia apunguze mwendo kwa sababu ya wanawake waliopanda, akiwafananisha na vyombo vya kioo. Bukhari na Muslim wamelipokea. Kilichofungwa imara na mwendo uliopunguzwa vilikuwamo katika safari za watu waliomtegemea Mwenyezi Mungu kuliko sisi.

Tulivyokifunga

Kwa aliye na gari kama lile, haya ndiyo tuliyojifunza siku ile:

Pima kabla ya kununua. Kiti kinachotazama nyuma hula nafasi ndefu kuliko kinachotazama mbele, na mtoto mchanga anahitaji kile cha kutazama nyuma. Hakikisha tako la kiti linakaa sawasawa ndani ya bakuli la siti bila kuning'inia.

Angalia mkanda wa nyuma. Uwe wa begani na kiunoni, na uwe mrefu wa kutosha kuzunguka kiti. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma vya ISOFIX katikati ya mgongo na kalio la siti. Ingiza vidole uvitafute.

Usikiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumka unampiga mtoto kichwani. Wenye magari ya spoti hushawishika hapa kwa kuwa mbele ndiko kuna nafasi.

Ukimaliza, kishike kiti pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto imkae sawa, usiweze kuifinya ikafanya mkunjo begani.

Dodoma asubuhi za Juni na Julai kuna baridi na upepo. Usimfunge mtoto akiwa ndani ya blanketi au sweta nene, kwani mkanda utalegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kanga juu. Mchana gusa vyuma vya mkanda kabla, jua la kule huvichoma.

Usipokee kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali, hata kikionekana kizima. Na mkifunga kiti, mwendo nao upungue. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi vikitumika vyema hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa takriban asilimia 70. Asilimia iliyobaki iko chini ya mguu wa dereva.

Kwa bi harusi mtarajiwa tuna ombi moja. Mnapozungumza habari za nyumba na kazi, ulizeni pia habari za gari. Na nyinyi mama wakwe, mtoto wa kwanza akija, kiti kiingie katika zawadi. Ndiyo mbeleko ya zama hizi. Kinafanya kazi ileile ya kumfunga mtoto kwenye kile kinachosafiri.

Kiti kile hatimaye kiliingia, nyuma ya siti ya abiria, baada ya siti hiyo kusogezwa mbele hadi mwisho. Haikuwezekana tena mtu mzima kukaa hapo. Mama mtu akajikunja nyuma ya dereva, magoti yakimgusa kidevu, mtoto amelala pembeni yake. Bibi jirani alikuja akakitikisa kiti kwa mkono wake, kikakataa kusogea, akanyamaza. Mume alizunguka gari lake mara mbili bila kusema neno.

Sisi wageni hatukuwa na nafasi. Tulikwenda stesheni kwa bajaji.