Risasi na Kasiba Yake

Watu wakisifu bunduki ya zamani, yaani gobori, ile ishindiliwayo kwa mdomoni, husifu mlio wake, moshi wake, na ukali wa baruti yake. Ni wachache waisifuo risasi. Walakini kazi ya baruti ni kusukuma tu. Kinachomfikia mnyama ni risasi, nayo itamfikia vema au vibaya kwa kadiri ilivyopatana na kasiba iliyoitoa. Katika insha hii yafaa tufuate habari za jambo hilo moja, kwa kuwa ndani yake mna habari za mafundi, za wawindaji, za vita, na za nchi zetu wenyewe.

Shida ya gobori yaelezwa kwa maneno machache. Risasi huingia kwa mdomo ule ule itakaotokea. Ikiwa nyembamba, yashuka upesi, bali baruti ikiwaka moto huponyoka kandokando yake, na risasi hutoka ikigongagonga kasiba, isijulikane iendako. Ikiwa nene, yaziba vizuri na kwenda sawasawa, bali haishuki ila kwa kugongwa kwa nyundo, na mnyama hangoji. Basi swali la mafundi lilikuwa hili: risasi iingieje kwa wepesi, na itoke kwa kukazana?

Majeshi ya kale yalichagua wepesi. Bunduki ya gumegume ya askari wa Kiingereza katika karne ya 18 ilikuwa na kasiba laini yenye upana wa inchi 0.75, lakini risasi yake ilikuwa ya inchi 0.69 hivi. Tofauti hiyo ilimwezesha askari kushindilia haraka, hata kasiba ikiwa imejaa masizi. Naye alilenga safu nzima ya watu, si mtu mmoja. Hivyo hasara haikuonekana sana. Upana wa kasiba uliweza pia kutajwa kwa mizani: bunduki ya namba 12 ndiyo ile ambayo risasi zake kumi na mbili za duara hufanya ratli moja, na ya namba 4 risasi zake nne hufanya ratli. Kwa hiyo namba ikipungua, risasi yazidi kuwa kubwa.

Mwindaji hakuweza kuridhika hivyo, maana yeye hulenga shabaha moja, tena ndogo. Yapata mwaka 1500 mafundi wa Ujerumani walikuwa wakichonga mifuo ya kuzunguka ndani ya kasiba, ili risasi itoke ikizunguka kama pia, isiyumbe hewani. Katika karne ya 18 mafundi wa Kijerumani na wa Kiswisi waliohamia Pennsylvania, katika Amerika, wakatengeneza bunduki ndefu zilizopata sifa kubwa. Dawa yao ilikuwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Risasi ilipungua kidogo kuliko kasiba, ikaviringiwa kitambaa, ikasukumwa kwa mdeki. Kitambaa kikajaza mifuo na kuizungusha risasi, kisha kikaanguka njiani. Risasi na kasiba zikapatana kama chanda na pete.

Lakini risasi ya duara ina mpaka wake. Huwezi kuiongezea uzito ila kwa kuipanua, na ukipanua lazima bunduki nayo iwe nene na nzito. Tena madini ya risasi ni laini. Ulaini huo wafaa kwa paa, kwa sababu risasi hupanuka mwilini na kumwua upesi. Bali kwa fuvu la tembo hubanjika kabla ya kufika ndani. Mskoti Roualeyn Gordon-Cumming, aliyewinda kusini mwa Afrika tangu 1843 hata 1848, aliyeyusha vyombo vyake vya mezani vya madini yenye bati ili apate kuzifanya risasi zake kuwa ngumu.

Baada yake akaja Frederick Courteney Selous, aliyefika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Yeye alitumia magobori ya namba 4 yenye kasiba laini, kila risasi wakia nne. Kwa kuwa aliwakaribia tembo mno kwa miguu, hakuhitaji mifuo. Alihitaji uzito, na wepesi wa kushindilia. Kati ya 1872 na 1874 aliua tembo sabini na wanane. Lakini bunduki zile zilimpiga bega vibaya, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba zilimharibu ujasiri wa kulenga, akajuta kuwa alizitumia. Selous aliuawa vitani tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, na kaburi lake li pale. Pori lile kubwa lilichukua jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Wakati huo mafundi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kutafuta njia nyingine. Mwaka 1826 Mfaransa Delvigne alifanya chumba chembamba chini ya kasiba. Risasi iliposhuka ilikaa juu ya ukingo wake, ikagongwa kwa mdeki mpaka ipanuke. Ilipanuka kweli, bali iliharibika umbo. Katika miaka ya 1830 fundi wa Kiingereza, William Greener, alionyesha risasi iliyopanuliwa na baruti yenyewe, lakini wakuu wa jeshi waliikataa. Hata mwaka 1849 akatokea Claude-Étienne Minié, Mfaransa, na risasi ndefu yenye ncha mbele na shimo nyuma, na ndani ya shimo kikombe kidogo cha chuma. Baruti iliposukuma kikombe, nyama ya risasi ilitanuka ikashika mifuo. Risasi iliyoingia nyembamba ikatoka nene. Waingereza walimlipa Minié kwa uvumbuzi wake, na mwaka 1857 Greener naye akapewa pauni 1,000 kwa kuwa alitangulia.

Matokeo yake yalikuwa ya kuogofya. Askari ambaye zamani hakuwa na hakika ya shabaha kupita yadi mia, sasa aliweza kumpiga mtu kwa yadi mia tatu na zaidi. Katika vita vya Crimea (1853–1856) na vita vya Wamarekani wao kwa wao (1861–1865), risasi ile nzito na laini ilivunja mifupa vipande vipande, na waganga wakakata mikono na miguu isiyo na idadi. Huko Bara Hindi, viasi vya karatasi vya bunduki mpya ya Enfield vilipakwa mafuta ili vishuke kwa urahisi, na askari alitakiwa kuving'ata. Uvumi ukaenea kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na ya nguruwe, jambo lililowachukiza Wahindu na Waislamu pia. Sababu za maasi yaliyoanza Meerut tarehe 10 Mei 1857 zilikuwa nyingi, bali mafuta ya risasi yalikuwa mojawapo.

Habari hizo zatufikisha kwetu. Ulaya ilipopata bunduki za kushindiliwa kwa nyuma, magobori ya zamani yaliletwa kwa wingi Unguja na bara, yakabadilishwa kwa pembe. Mahali palipokuwa na uhaba wa risasi, watu walishindilia vipande vya chuma, ambavyo havizibi kasiba wala haviendi sawa; mnyama alikimbia na jeraha, akafia mbali. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliokataza bunduki zenye mifuo na viasi vyake kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa ruhusa maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa pale serikali zilipokubali. Mkataba ule ulisemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli biashara ile ilihitaji kukomeshwa. Lakini tuangalie pia kipimo chake: mwenye kasiba laini aliachwa na risasi iyumbayo, na mwenye mifuo akawa mtawala. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907, wazee wetu walikwenda na mikuki na magobori kuzikabili bunduki za viasi na bombomu, wakitumaini ya kuwa risasi za adui zitageuka maji.

Gobori halijafa. Katika Marekani majimbo mengi huweka majira maalumu ya kuwinda kwa gobori, na mafundi wa huko wamerudia swali lile lile la kale. Jibu lao jipya huitwa sabo, neno la Kifaransa lenye maana ya kiatu cha mti, kama mtalawanda wa pwani. Ni kikombe cha plastiki kinachovaa risasi nyembamba, kikaziba kasiba, kikashika mifuo, kisha kikaachana na risasi hewani. Ni kitambaa cha Pennsylvania katika sura nyingine.

Anayechagua risasi hutazama kasiba kwanza. Ile ambayo mfuo wake humaliza mzunguko mmoja kwa inchi 48 hata 72 yafaa kwa risasi ya duara na kitambaa. Ile ya inchi 28 yafaa kwa risasi ndefu au yenye sabo, kwa sababu risasi ikirefuka huhitaji kuzungushwa zaidi, kama alivyoonyesha kwa hesabu Mwingereza Greenhill mwaka 1879. Katika kasiba ya nusu inchi, risasi ya duara yapata gramu 11 na nusu, na ndefu yaweza kufika gramu 25. Mnyama mkubwa ahitaji uzito huo. Tena risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi, maana nafasi yaweza kupasua kasiba. Kwa hiyo mwenye busara hutia alama katika mdeki wake.

Sheria nazo zimeingia katika swali hili. Colorado imekataza sabo katika majira ya gobori. California, tangu tarehe 1 Julai 2019, imekataza risasi za madini ya risasi katika uwindaji wote, kwa sababu ndege walao mizoga hufa kwa sumu yake. Shaba haina sumu hiyo, bali ni ngumu, haitanuki kushika mifuo. Mara nyingi huhitaji kuvikwa sabo. Hivyo jimbo moja lakataza kiatu, na jingine lataka kile kisichotembea vema bila kiatu.

Basi, msomaji, ukilikuta gobori kuukuu katika makumbusho, usiishie kutazama tako lake na mapambo yake. Chungulia mdomoni. Ukiona mifuo, ujue lilitengenezwa kwa mtu aliyetakiwa kupiga shabaha. Ukiona kasiba laini, kumbuka ya kuwa bunduki za namna hiyo ndizo mataifa ya Brussels yaliyoacha mlango wazi kwa ajili yake, na uwakumbuke wale waliokwenda nazo vitani.