Safu ya Lugha: Utawala nusu, utawala wenza

Siku hizi hapa Moshi, kuanzia kwa wafuga kuku hadi kwa waliokwenda kupima damu, nasikia kwamba jeni "zimechanganyika". Neno hilo linafunika mambo mawili tofauti, na Kiswahili kinaweza kuyatenganisha.

Mtazame kuku wa kishingo. Jogoo wa kishingo halisi akipanda mtetea wa kawaida, vifaranga wote hutoka na shingo wazi, lakini mbele, juu ya gole, hubaki kishada cha manyoya. Mwilini nako hupungukiwa manyoya, ila si kama baba yao. Kutawala, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kushika madaraka. Jeni ya ukishingo imeyashika, haikuyamaliza. Huo ni utawala nusu, na dalili yake ni hali ya katikati.

Damu ya kundi AB ni habari nyingine kabisa. Jeni ya A huweka alama yake kwenye chembe nyekundu, ya B huweka yake, kila moja kamili, wala hakuna alama ya tatu iliyo kati yao. Huo ndio utawala wenza. Ndivyo ilivyo pia kwa himoglobini ya mtu mwenye AS, yaani aliyerithi jeni moja ya himoglobini ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S): kipimo huonyesha A na S, zote mbili. Mzazi akiambiwa damu ya mwanawe "imechanganyika", hudhani mtoto ana nusu ya ugonjwa, ilhali mwenye AS kwa kawaida haugui selimundu.