Satchel Paige
Leroy Robert "Satchel" Paige (7 Julai 1906 – 8 Juni 1982) alikuwa mrushaji mpira wa besiboli wa Marekani, mzaliwa wa Mobile, Alabama, aliyesifika kwa kasi na shabaha. Ligi kuu ziliwafungia milango wachezaji weusi hadi 1947. Hivyo miaka yake bora, ambayo takwimu zake hazikuhifadhiwa kikamilifu, aliichezea katika Ligi za Weusi, hasa kwenye timu ya Kansas City Monarchs. Julai 1948, akiwa na miaka 42, alisajiliwa na timu ya ligi kuu ya Cleveland Indians, wakatwaa ubingwa mwaka huohuo. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, aliirushia Kansas City Athletics vipindi vitatu bila kuruhusu pointi. Aliingizwa katika Ukumbi wa Umashuhuri, Cooperstown, mwaka 1971.