Mpwa na Mtoto: Shauri la Mirathi katika Uluguru

Katika maswali yote ya sheria ya Kiislamu yaulizwayo katika milima ya Uluguru, hakuna liletalo ugomvi kama hili: baba akifa, mali yake ni ya nani? Mwalimu wa misioni naye huulizwa, kwa kuwa ana kalamu, na jirani Mwislamu huja kwake kuandikiwa wasia. Yafaa basi tujue asili ya shauri lenyewe.

Waluguru wahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo huitwa lukolo, na ardhi ni ya lukolo. Mtu hupewa kuilima tu. Kwa desturi ya kale mrithi wa mwanamume si mwanawe, bali ni ndugu yake wa tumbo moja, au mpwa wake, mtoto wa dada.

Uislamu ulitoka pwani pamoja na misafara ya biashara. Mji wa Morogoro, ulioanzishwa na Kisabengo katika karne ya 19, ulikuwa katika njia ya Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1882, na reli mwaka 1907. Sheria iliyopanda milimani ni ya madhehebu ya Shafii, ambayo mafungu yake ya mirathi yatoka katika Kurani, sura ya 4. Mjane, ikiwa marehemu ameacha watoto, hupata thumuni. Mwana hupata fungu la binti wawili. Mpwa wa upande wa dada hapati kitu maadamu wapo watoto.

Watu wengi hudhani ya kuwa hapa hapana njia ila vita ya mjomba na wana. Sivyo. Kwanza, sheria yagawanya milki ya marehemu tu. Shamba aliloazimwa na lukolo si milki yake, lakini nyumba, mbuzi na fedha ni zake. Pili, baba aweza kumpa mwanawe hiba angali hai, na mtoto akaipokea mbele ya watu. Tatu, kwa kuwa mpwa si mrithi, aweza kuusiwa mpaka theluthi ya mali. Ikizidi theluthi, ziada haipiti ila kwa ridhaa ya warithi. Mrithi mwenyewe hausiwi bila ridhaa ya wenzake, jambo ambalo waandishi wa wasia wengi hulisahau.

Tena kuna utaratibu. Gharama za maziko hutangulia, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mafungu. Na katika madeni imo mahari ambayo mume hakuimaliza. Nimeona wajane wakirudishwa kwao na thumuni ya vyombo vichache, wala hapana aliyeuliza habari ya mahari! Lilikuwa deni, nalo lilistahili kulipwa kabla ya mwana, mpwa na mjomba.

Serikali nayo haikulimaliza shauri. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilikuwa za makabila yahesabuyo ukoo kwa baba, hivyo Waluguru hawakuwamo. Mahakama hutazama maisha ya marehemu na maneno aliyoyasema au kuyaandika, ili kujua kama alitaka mali yake iende kwa mila au kwa Uislamu. Ndiyo sababu ile karatasi iandikwayo na mwalimu, yenye mashahidi, huwa na uzito mkubwa kuliko aliyeiandika alivyodhani.