Patenti, gishe moja na kopo la bunga

Patenti ni kibali ambacho mfanyabiashara mdogo wa Kongo hukilipia serikali kila mwaka. Sheria yake ilitolewa tarehe 2 Agosti 1979, ikarekebishwa tarehe 8 Agosti 1990, nayo inaitenga biashara ndogo kwa ajili ya raia wa nchi. Katika mtaa wa Naviundu, Lubumbashi, inamgusa mwenye kiduka cha sabuni na mama anayeuza bunga la mahindi kwa kopo, amelijaza hadi likafanya kichuguu juu.

Sheria hiyo ilikuja nchi ikiwa bado na jeraha. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwa maduka, mashamba na kampuni za wageni zitakuwa mali ya Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Lubumbashi, ambako Wagiriki wengi walikuwa na maduka, biashara iliangukia mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi hata kuagiza bidhaa. Rafu zikabaki tupu. Kufikia 1976 serikali ilikuwa ikiwarudishia wenyewe sehemu ya mali yao, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mishahara ya watumishi wa serikali nayo ikazidi kupoteza thamani, na muhuri ukageuka chakula: kila ofisi ilitafuta karatasi yake ya kutoza.

Mageuzi makubwa yalifika tarehe 12 Septemba 2012, Kongo ilipoingia rasmi katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Mwaka huohuo iliundwa gishe moja ya kuandikisha kampuni, ili kazi iliyomzungusha mtu ofisi baada ya ofisi imalizike mahali pamoja kwa siku 3. Sheria ya OHADA ilileta pia hadhi ya mjasiriamali mdogo, ambaye hutangaza shughuli yake bila malipo. Hiyo ndiyo sehemu iliyomfikiria mama wa bunga, na inastahili kujulikana mtaani kuliko ilivyo. Patenti, hata hivyo, haikuondolewa.

Bunga lenyewe, au mahindi yake, mara nyingi hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu idara 4 tu kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Ilikuwa amri safi, fupi, yenye kueleweka na dereva yeyote. Haikushikwa. Idara nyingine zilirudi moja moja, kila moja na meza yake na risiti yake, na malori yakaendelea kulala kwenye foleni. Siku hizo za kungoja hulipiwa Naviundu: bei ya kopo hupanda, au kile kichuguu cha bunga hupungua.