Elimu ya Miji na Jamii Katika Urithi wa Wanavyuoni Wetu

Jioni moja baada ya swala ya maghribi alinijia kijana wa msikitini kwetu akiwa na barua ya kukubaliwa chuo kikuu. Fani aliyopangiwa ni masomo ya miji na jamii: historia kidogo, jiografia, uchumi, sheria, elimu ya jamii na ramani, vyote katika shahada moja. Wazee wake walimwambia hiyo si elimu, ni mchanganyiko. Kama si udaktari, si uanasheria na si elimu ya dini, basi ni nini? Akaniomba ushauri. Nikamjibu kwa ufupi, wala sikumjibu vizuri, kwamba asome tu maadamu hakuna haramu ndani yake.

Haukupita muda tukaletewa mashtaka ya majirani wawili. Mmoja alichimba shimo la choo hatua chache kutoka kisima cha mwenziwe, na maji ya kisima yakaharibika. Hapo ndipo nilipotambua kwamba swali la yule kijana lilikuwa zito kuliko jibu langu.

Sisi watu wa madhehebu ya Shafii tunaisoma Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277). Katika mlango wa kuhuisha ardhi anasema kwa maana kwamba kila mtu ana haki ya kutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akivuka ada analipa kilichoharibika. Wenye kuisherehesha wakaendelea hadi kusema kwamba mtu hazuiwi kuchimba choo katika milki yake hata kikikiathiri kisima cha jirani, ingawa ni makuruhu. Wafuasi wa Imam Malik wao wanamzuia, kwa kuitegemea ile kanuni ya kuondoa dhara. Ukisoma haraka utadhani jambo limekwisha: chagua madhehebu, toa hukumu. Lakini tazama neno "ada". Ada ya wapi? Ya mji wa Sham wa karne ya saba Hijria, ambako nyumba ina ua na ukuta mnene, au ya uswahilini kwetu, ambako kiwanja kimoja kina nyumba tatu na kila chumba kina familia? Neno hilo moja ndilo linalobeba hukumu, na kitabu hakikulifafanua kwa sababu hakikuweza. Anayelijua ni yule aliyeuchunguza mji.

Wapo wanaodhani uchunguzi wa namna hiyo ulianzia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Robert Park na wenzake walitoa kitabu chao juu ya mji mwaka 1925. Kazi yao ina thamani yake. Ila sisi tuna ya kwetu, nayo ni ya zamani zaidi.

Ianzie Kufa. Mji huo uliasisiwa na Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) mwaka 17 Hijria (638), katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.). Tabari amepokea kwamba njia kuu zilipimwa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa saba. Msikiti uliwekwa mwanzo, na kila kabila likapewa mahali pake. Nyumba za kwanza zilikuwa za matete. Zilipoungua moto watu wakaomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Umar akaruhusu kwa sharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kwa urefu wa majengo. Hizo dhiraa saba si idadi ya kubahatisha. Imekuja katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake ufanywe dhiraa saba. Nawaomba maimamu waikumbuke idadi hii, maana tutairudia.

Baghdad ilianzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 145 Hijria (762), mji wa duara wenye milango minne: wa Kufa, wa Basra, wa Khurasan na wa Sham. Watu wengi hawajui kwamba Imam Abu Hanifa anatajwa katika ujenzi huo. Imepokewa kwamba alikataa ukadhi, naye Khalifa akamwekea kazi ya kusimamia hesabu ya matofali, na kwamba alipima marundo kwa unyasi badala ya kuhesabu moja moja. Wakati huohuo mwanafikihi anahesabu matofali! Mwaka 157 Hijria masoko yaliondolewa ndani ya mji wa duara yakapelekwa Karkh. Riwaya moja inataja usalama, nyingine inataja moshi. Na mtaa wa Karkh ukakua kuliko mji wenyewe, jambo ambalo mpangaji yeyote wa leo angelitambua mara moja.

Kuhusu mji huo, al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 Hijria, sawa na 1071) aliandika Tarikh Baghdad. Tunakijua kama kitabu cha wapokezi wa hadithi, lakini mwanzo wake ni maelezo ya mitaa, mifereji, madaraja na makaburi. Ibn Asakir alifanya hivyohivyo kwa Damascus, na kitabu chake kilipochapwa Beirut kilifika mijalada 80.

Mimi binafsi ninayempenda zaidi ni mtu asiyetajwa sana: Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis wa karne ya nane Hijria. Huyu hakuwa kadhi. Alikuwa fundi ambaye makadhi walimtuma kwenda kuangalia ukuta uliopasuka, dirisha linalochungulia ua wa jirani, moshi wa tanuri, mfereji wa maji machafu. Akirudi, anaeleza alichokiona na kadhi anahukumu. Baadaye alikusanya mas'ala hayo katika kitabu cha hukumu za ujenzi, akiweka kauli za wanavyuoni wa Kimaliki pamoja na yale aliyoyashuhudia kwa macho yake. Hebu fikiri, kadhi na mwashi katika kesi moja, kila mmoja na elimu yake, wala hakuna anayemdharau mwenziwe. Kama mtu ataniuliza leo "masomo mchanganyiko" ni kitu gani, nitamwonyesha mlango wa kadhi wa Tunis.

Mji huohuo ndio alikozaliwa Ibn Khaldun mwaka 732 Hijria (1332). Muqaddima yake inajulikana kwa asabiyya, na wengi tunaishia hapo. Sehemu yake juu ya miji haisomwi vya kutosha. Humo anataja mambo ambayo mwenye kuasisi mji lazima ayatazame: maji, hewa, malisho, mashamba ya karibu, kuni. Kisha, bila kuogopa, anaikosoa Kufa, Basra na Qayrawan kwamba waasisi wake waliangalia zaidi malisho ya ngamia wao. Anaeleza pia kwa nini katika mji mkubwa chakula cha lazima huwa rahisi na vitu vya anasa huwa ghali. Naye pia alikuwa mwanafikihi, kadhi mkuu wa Kimaliki wa Cairo.

Mwanafunzi wake al-Maqrizi alikuwa muhtasibu wa Cairo mwaka 801 Hijria (1399), yaani msimamizi wa masoko na mizani. Njaa ilipoipiga Misri, aliandika risala ya kutafuta sababu. Alizitaja tatu: vyeo kununuliwa kwa rushwa, kodi za ardhi kupanda, na fulusi za shaba kujaa sokoni. Wengine waliishia kusema ni Nile kupungua. Yeye aliyepita sokoni kila siku aliona zaidi.

Pwani yetu nayo imo. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba milangoni mwa misikiti mlikuwa na visima vifupi vyenye kata ya mti, mtu ateke aoshe miguu kabla ya kuingia, na mikeka ya kufutia. Kilwa aliisifu kwa ujenzi wake mzuri. Kisima, msikiti na njia vilipangwa pamoja. Leo Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu 5,383,728, na sehemu kubwa ya nyumba zake zilijengwa kabla ya mpimaji kufika. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki 684 Hijria, aliwaonya mamufti wasikae juu ya yaliyoandikwa vitabuni umri wao wote. Akikujia mtu wa mji mwingine, muulize kwanza ada ya mji wake. Sisi hatuuulizi hata mji wetu wenyewe.

Turudi kwa majirani wale. Niliwaomba wangoje, nikampigia simu yule kijana, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili. Alikuja na tepu ya kupimia na daftari. Akauliza mambo ambayo mimi sikuyauliza: maji ya chini ya ardhi yako kina gani, udongo ni wa aina gani, mteremko unaelekea wapi, nyumba ngapi nyingine zinateka kisima kile. Zilikuwa tisa. Basi si jirani mmoja aliyedhurika, ni nyumba tisa, na uchimbaji wa karibu kiasi kile haukuwa ada ya mtaa. Wazee wa mtaa walithibitisha kwamba vyoo vyote vya zamani viko upande wa chini wa mteremko. Kwa hiyo hata kwa kauli ya Nawawi, mwenye shimo alikuwa amevuka ada. Tukahukumu shimo lifukiwe na achimbe upande wa chini, nao wote tisa wakachangia gharama, kwa kuwa alikuwa mtu maskini. Wallahu a'lam.

Kabla ya kuondoka, kijana alipima kichochoro kinachoingia msikitini, kile tunachopitishia jeneza. Mahali pembamba zaidi palikuwa dhiraa mbili na nusu.